Kabla Hujala: Kubadilishana Kete Mapema na Umbo la Askari Kwenye Ufunguzi wa Sataranji

Anayetoka kwenye drafti huja na tabia moja anapokaa mbele ya sataranji: akiona kete inalika, mkono unakwenda wenyewe. Kwenye drafti kula ni sharti. Kwenye sataranji hakuna anayekulazimisha, isipokuwa pale ambapo kula ndiyo njia pekee ya kumwokoa mfalme wako. Uhuru huo wa kutokula huamua michezo mingi kabla haijafika hata hatua ya 10, na wanaoanza wengi hawautumii kabisa.

Kete zikibadilishwa hutoka ubaoni na kusahaulika, ila askari hubaki na umbo walilopewa na mabadilishano hayo. Farasi aliyepotea njia anaweza kurudi alikotoka, lakini askari harudi nyuma kamwe. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kula halihusu sana kile unachokipata. Linahusu ubao utakaobaki, na hasa askari watakaobaki juu yake.

Weka ubao mbele yako na ucheze kila mfano kwa mkono. Nitatumia maandishi ya hatua yanayotumika kwenye programu nyingi za sataranji: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Alama ya x ni kula, + ni kumtisha mfalme, na 0-0 ni mfalme kuingia ngomeni upande wake wa karibu. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha kuwa hatua hiyo ni ya nyeusi. Nikisema "nyumba" nina maana ya mraba mmoja wa ubao, na nikisema "kulipiza" nina maana ya kuila kete iliyotoka kula ya kwako.

1. Hesabu kete zilizo kazini, usihesabu pointi tu

Sote tulifundishwa thamani hizi: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ni kipimo kizuri, lakini kinapima kete kana kwamba zote ziko kazini. Mwanzoni mwa mchezo haziko kazini. Ngome iliyofungiwa pembeni haifikii hata nusu ya pointi zake 5, wakati farasi aliyekwisha kutoka anafanya kazi yake yote.

Cheza hatua hizi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.0-0 Nf6 5.Ng5 0-0 6.Nxf7 Rxf7 7.Bxf7+ Kxf7. Nyeupe ametoa farasi na askofu, pointi 6. Amepata ngome na askari, pointi 6. Kwa hesabu hakuna aliyepoteza. Sasa tazama ubao. Kati ya hatua 7 za nyeupe, 5 zilichezwa na farasi na askofu ambao hawapo tena. Alichobaki nacho ni askari wa e4 na mfalme aliyejificha. Nyeusi ana farasi wawili na askofu, wote wako nje, wote wanatazama katikati. Mfalme wake aliye f7 anaonekana yuko hatarini, lakini nyeupe hana kete ya kumwendea. Haya ni mabadilishano mabaya, na yanachezwa kila siku na watu wanaoamini kuwa 6 kwa 6 ni sare.

Mfano wa pili ni mchezo alioucheza Paul Morphy huko Paris mwaka 1858 kwenye jumba la opera, dhidi ya aliyekuwa mtawala wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana. Ulianza hivi: 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Bg4 4.dxe5 Bxf3 5.Qxf3 dxe5. Nyeusi alilazimika kumla farasi, kwa sababu 4...dxe5 5.Qxd8+ Kxd8 6.Nxe5 ingempotezea askari. Askofu kwa farasi, askari kwa askari, pointi ziko sawa. Lakini kete pekee ya nyeusi iliyokuwa imetoka ndiyo hiyo iliyoondoka, na malkia wa nyeupe amefika f3 bila gharama yoyote, kwa sababu alikuwa analipiza. Baada ya 6.Bc4 Nf6 7.Qb3 anatishia f7 na b7 kwa pamoja. Mchezo uliisha hatua ya 17. Mimi nauona kuwa somo bora kuliko yote la kumfundishia anayeanza, kwa sababu kosa lake limo ndani ya mabadilishano yanayoonekana hayana ubaya.

Kanuni ya mkono hapa ni nyepesi: kete yako iliyotoka ikibadilishwa na kete iliyotoka ya mwenzako, tazama nani analipiza. Anayelipiza kwa kete mpya amepata hatua ya bure.

2. Tazama nani atakaa kwenye nyumba ya mwisho, na kama anaweza kufukuzwa

Mifano mitatu mifupi, yote inahusu malkia aliyefika katikati mapema.

1.e4 d5 2.exd5 Qxd5 3.Nc3. Malkia wa nyeusi lazima akimbie, na farasi wa nyeupe ametoka akiwa anamfukuza.

1.e4 e5 2.d4 exd4 3.Qxd4 Nc6. Kisa ni kilekile, ila safari hii anayekimbia ni malkia wa nyeupe.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.d4 exd4 4.Nxd4 Nxd4 5.Qxd4. Malkia yuko nyumba ileile ya d4, lakini hapa amekaa kama aliyealikwa. Farasi ambaye angemfukuza kutoka c6 ametoka ubaoni, na nyeusi mwenyewe ndiye aliyemtoa. Akijaribu kumfukuza kwa 5...c5, anaacha tundu d5 ambalo hakuna askari wake atakayeweza kulilinda tena, na askari wake wa d anabaki nyuma ya wenzake maisha yake yote.

Kwa hiyo kabla ya kubadilishana katikati, fuata mlolongo mpaka kete ya mwisho itue, kisha uliza: nina kete ya kuifukuza, tena kwa hatua ambayo ningeicheza hata hivyo? Jibu likiwa hapana, acha mwenzako aanze yeye. Kwenye mfano huo wa tatu, nyeusi angecheza 4...Nf6 au 4...Bc5 na kuendelea kutoa kete zake kwa raha.

3. Chagua askari wa kulipiza

Mara nyingi kete yako ikiliwa utakuwa na askari wawili wanaoweza kulipiza, na hapo ndipo umbo la mchezo mzima linapoandikwa. Wengi wamekariri kwamba askari ale kuelekea katikati. Ni kanuni nzuri, anza nayo. Askari wa pembeni anayesogea kuelekea d au e anapata thamani, na mara nyingi nyuma yake anaachia ngome mstari.

Chukua 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.d3 d6 5.Be3. Wanaoanza wengi hucheza 5...Bxe3 kwa furaha, kwa sababu baada ya 6.fxe3 nyeupe ana askari wawili wa e waliobebana, mmoja mgongoni mwa mwenziwe. Lakini tazama wanachofanya askari hao: yule wa e3 analinda d4 na f4, nyumba ambazo farasi wa nyeusi alizitamani, na yule wa e4 analinda d5 na f5. Mstari wa f umefunguka, na nyeupe akiingia ngomeni, ngome yake itatazama f7 pamoja na askofu wa c4. Askari waliobebana hapa si ugonjwa. Nyeusi anafanya vizuri zaidi kucheza 5...Bb6 na kungoja. Nyeupe akimla, 6.Bxb6 axb6, sasa ni ngome ya nyeusi ya a8 iliyofunguliwa mstari bila kusogea hata nyumba moja. Askofu ni walewale wawili, ila faida inakwenda kwa yule aliyemwachia mwenzake aanze.

Askari waliobebana huwa mzigo pale tu yanapotimia mambo mawili: hawana jirani wa kuwalinda, na mwenzako ana njia ya kuwafikia. Ona 1.d4 Nf6 2.c4 e6 3.Nc3 Bb4 4.a3 Bxc3+ 5.bxc3. Nyeupe ana askari c3 na c4, na yule wa c4 hana tena askari wa b wa kumshika mkono. Nyeusi ataweka askari b6, askofu a6, farasi atapita c6 kwenda a5, na wote watamkodolea macho c4. Hata hivyo nyeupe hajafa. Amepata maaskofu wawili dhidi ya mmoja, na askari wa c3 anaimarisha katikati yake. Nani amefaidika itategemea kama nyeupe ataweza kufungua mchezo kabla c4 haijaanguka. Mabadilishano ya aina hii ninayapenda, kwa sababu kila upande umenunua kitu na lazima ukitumie.

Sasa kanuni inapovunjwa. 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nf6 5.Nxf6+. Nyeusi anaweza kulipiza kwa askari wa g, kuelekea katikati, au kwa askari wa e, kuikimbia katikati. 5...gxf6 inafungua mstari wa g na kuacha ukuta wa mfalme upande ule ukiwa na mwanya. 5...exf6 inampa nyeupe askari wanne dhidi ya watatu upande wa malkia, hivyo mwisho wa mchezo ukifika nyeupe ndiye mwenye nafasi ya kutengeneza askari wa kupita, yaani asiye na askari wa adui wa kumzuia mbele yake wala kwenye mistari ya jirani. Lakini sasa hivi askofu wa nyeusi wa f8 yuko huru, mfalme ataingia ngomeni haraka na ngome itaukamata mstari wa e. Wachezaji wakubwa wengi siku hizi wanachagua exf6 bila wasiwasi. Wanakubali deni la baadaye ili wapate usalama wa leo.

4. Ondoa kete zote kichwani, bakiza askari

Hili ndilo zoezi ambalo ningemwomba kila msomaji alifanye hata kama ataacha mengine yote. Kabla hujabadilishana, futa kichwani kete zote isipokuwa wafalme na askari. Jiulize ni nani anashinda.

Ufunguzi wa Kihispania una tawi linalofundisha jambo hili kuliko kitabu chochote: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Bxc6 dxc6. Nyeusi amelipiza akiikimbia katikati, kwa sababu anataka mshazari wa askofu wa c8 na mstari wa d ufunguke mara moja. Askari wa e5 anaonekana hana mlinzi, lakini 5.Nxe5 inajibiwa na 5...Qd4, malkia anatishia farasi na askari wa e4 kwa pamoja, na baada ya 6.Nf3 Qxe4+ nyeusi amerudisha alichopoteza.

Nyeupe basi anataka nini? Anataka d4. Askari wake wa d akibadilishwa na askari wa e wa nyeusi, hesabu inakuwa hivi: upande wa mfalme nyeupe ana e, f, g na h dhidi ya f, g na h. Wanne kwa watatu, na hao wanne wanaweza kuzaa askari wa kupita. Upande wa malkia nyeusi naye ana wanne dhidi ya watatu, lakini wawili wamebebana kwenye mstari wa c, kwa hiyo watatu wa nyeupe wakikaa kwa busara wanawazuia wanne hao wasitoe kitu. Futa kete zote, na kwa kawaida nyeupe anashinda. Kinachomlipa nyeusi ni maaskofu wake wawili.

Hapo utaona kwa nini Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, alicheza alivyocheza dhidi ya José Raúl Capablanca kule St. Petersburg mwaka 1914. Baada ya 5.d4 exd4 6.Qxd4 Qxd4 7.Nxd4 malkia wametoka, na kila kete inayofuata kutoka inamkaribisha nyeupe kwenye mwisho anaoutaka. Hatua ya 12 Lasker alisukuma askari wake hadi f5. Wengi wangeogopa, kwa sababu askari wa e4 anabaki nyuma na nyumba ya e5 inaachiwa nyeusi. Lakini askari huyo wa f5 aliikamata e6. Hatua ya 13 na ya 14 akaleta askofu f4 na kumbadilisha na askofu wa d6, na malipo ya nyeusi, yale maaskofu mawili, yakawa yamekwisha. Ni kweli kwamba kulipiza kwa cxd6 kuliwatenganisha askari waliobebana, lakini kuliacha askari dhaifu d6. Hatua ya 16 farasi wa nyeupe akatua e6 na hakuna aliyeweza kumtoa kwa raha. Lasker alishinda mchezo ule, na mashindano akayamaliza wa kwanza, nusu pointi mbele ya Capablanca.

Usichukue hapo kwamba askofu abadilishwe na farasi kila mara. Chukua kwamba kila mabadilishano ya Lasker yaliulizwa swali moja: yananisogeza kwenye umbo la askari ninalolitaka, au yananitoa? Bobby Fischer alilirudisha tawi hili kwa 5.0-0 kwenye Olimpiadi ya Havana mwaka 1966 akawashinda nalo Portisch na Gligorić, watu ambao hawakuwa wepesi kushindwa.

Upande wa pili wa sarafu upo. Mwaka 2000 London, kwenye pambano la ubingwa wa dunia, Vladimir Kramnik alimletea Garry Kasparov mlolongo huu akiwa na nyeusi, badala ya 3...a6: 3...Nf6 4.0-0 Nxe4 5.d4 Nd6 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Umbo la askari ni lilelile linalompendeza nyeupe, na mfalme wa nyeusi hawezi tena kuingia ngomeni. Lakini bila malkia mfalme huyo hana wa kumtisha, askari wa e5 amekwisha kusogea mbele akiacha nyumba nyeupe wazi nyuma yake, na maaskofu wawili wapo. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja katika pambano lile zima. Umbo zuri la askari halijichezi lenyewe.

5. Vumilia mvutano

Askari wawili wakikodoleana, anayekula kwanza mara nyingi anamsaidia mwenzake. 1.e4 e6 2.d4 d5: nyeusi ana tatizo moja kubwa, askofu wake wa c8 amefungiwa na askari wa e6. Nyeupe akicheza 3.exd5 exd5, ameuvunja ukuta huo kwa mkono wake mwenyewe.

Kuvumilia kuna faida ya pili, ya kuiba hatua. Kwenye 1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.Bg5 Be7 5.e3 0-0 6.Nf3 Nbd7 7.Rc1 c6 8.Bd3, ndipo sasa nyeusi anakula: 8...dxc4 9.Bxc4. Askofu wa nyeupe ametumia hatua mbili kufika mahali ambapo angefika kwa moja. Ndiyo maana nyeupe alicheza 7.Rc1 kwanza, akingoja nyeusi ale kabla askofu hajatoka. Wote wawili wanavumilia, na anayekosa subira ndiye analipa.

Lakini kuna wakati wa kula kwa makusudi. Katika ufunguzi huo huo, 3...Nf6 4.cxd5 exd5 pia inamfungulia nyeusi askofu wa c8, ila nyeupe anapata kazi ya wazi: atasukuma askari wa b hadi b5, ale c6, na kumwachia nyeusi askari dhaifu kwenye mstari wa c ambao tayari ni wa ngome za nyeupe. Umbo hili linaitwa Carlsbad, na ukilijua unajua la kufanya kwa hatua 15 zinazofuata. Kama huna mpango wa namna hiyo kichwani, acha mvutano ukae.

6. Jua kama kubadilishana kunakufaa wewe au yeye

Aliyebanwa anataka kubadilishana, na mwenye nafasi kubwa hataki. Chumba kidogo kinawatosha watu wachache.

Askofu aliyezibwa na askari wa rangi ya nyumba zake ni wa kubadilishwa haraka. Kwenye 1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5, askari wa nyeusi wa e6 na d5 wote wako kwenye nyumba nyeupe, na askofu wa c8 naye ni wa nyumba nyeupe. Ukiweza kucheza b6 na kisha Ba6, ukambadilisha na askofu wa f1, umetoa kete yako mbaya kuliko zote kwa kete nzuri ya mwenzako, hata kama pointi zinasema 3 kwa 3.

Askari mpweke wa d ndiye mtihani wenyewe. 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.c4 Nf6 5.Nc3 e6 6.Nf3 Be7 7.cxd5 Nxd5. Askari wa d4 hana jirani wa c wala wa e. Kete zikiwa nyingi, anampa nyeupe nyumba ya e5 kwa farasi, mistari ya c na e kwa ngome, na mashambulizi upande wa mfalme. Kete zikipungua, anageuka mtoto wa kulelewa na ngome mbili, huku farasi wa nyeusi amekaa d5 mbele yake bila wa kumbughudhi. Ukiwa na nyeupe, kataa kubadilishana farasi na maaskofu. Ukiwa na nyeusi, tafuta kubadilishana kila inapowezekana, ila usimpe nafasi ya kusukuma d5.

7. Fanya zoezi hili kwa michezo yako

Chukua michezo yako 10 ya karibuni. Usitafute makosa makubwa. Simama kwenye mabadilishano ya kwanza ya kila mchezo na uandike mambo matatu: nani alianza kula, nani alilipiza kwa kete mpya, na umbo la askari lilibadilika vipi. Kisha ondoa kete zote ubaoni, bakiza askari na wafalme, na ucheze kutoka hapo dhidi ya rafiki au programu, mara moja kwa nyeupe na mara moja kwa nyeusi. Itakuchukua jioni tatu au nne. Kwenye michezo mingi utagundua kwamba wewe ndiye uliyeanza kula, na kwamba kulikuwa na hatua ya kutoa farasi au askofu iliyokuwa ikikungoja.